Kijani Ameenda Kwao

Jumapili, 25 Februari 2007

Daftari hili lilikuwa la mjukuu wangu Nice, la Sayansi. Amejaza kurasa sita, moyo wa panya na sehemu za ua, kisha akaolewa Biharamulo. Zilizobaki nimezirithi. Mimi Anatoli nilisoma kwa mapadri mpaka darasa la nne, wakanifukuza kwa kumwiga Padri anavyokohoa katikati ya mahubiri. Nilitoka na mwandiko mzuri na kikohozi. Naandika kwa kuwa mvua imeanza, na mke wangu Adelfina amesema nikizidi kuropoka ndani ya nyumba atahamia kambini kwa wakimbizi wa Burundi akapumzike.

Leo katika banda la video la Xavery tumeanza Watano wapya. Awamu ya tisa. Serikali yenyewe iko ya nne.

Asiyewajua Watano nimweleze. Ni vijana watano, wanaume watatu na wasichana wawili, wanaovaa nguo za kubana kama ngozi ya nyoka, kila mmoja na rangi yake: Mwekundu, Bluu, Njano, Waridi na Kijani. Kichwani wanavaa helmeti kama mwendesha pikipiki anayemkimbia mkwe. Linatokea dude, wanalipiga. Dude likishapigwa linafufuka, linakuwa kubwa kama mlima. Basi wanaunganisha mashine zao, linatoka jitu moja la chuma, linalikata lile dude katikati. Ni hivyo hivyo kila mara. Miaka minane naangalia na dude halijajifunza. Lugha wanayosema hatuijui, hata Xavery anayetoza kiingilio haijui. Yeye hununua hizo CD Lusahunga kwa madereva wa malori.

Naangalia na Minani. Huyu ni Mrundi, mzee mwenzangu. Alikuja mwaka tisini na sita na kikapu na jembe lisilo na mpini, akaanza kulima kwangu kwa kupewa chakula. Sasa halimi. Macho yake yameingia ukungu, sura ya mtu haioni, ila rangi anaziona. Ndiyo maana anawapenda Watano. "Sura ni za wenye macho," husema. "Mimi nipe rangi." Anakaa kushoto kwangu, mimi namsimulia. Kipenzi chake Kijani.

Nakiri kwamba simsimulii sawasawa. Mwaka juzi nilimwambia Waridi ana mimba ya Bluu. Wiki tatu nzima akaja anauliza kama amejifungua.

Jumatano, 28 Februari

Nimepanda maharage. Mgongo.

Jumapili, 4 Machi

Leo Watano walivua helmeti, nikaona ni watu wengine kabisa, si wale wa mwaka jana. Kila awamu ni hivyo. Nguo zilezile, watu wengine. Nikamwambia Minani.

"Kwani wale wa zamani wako wapi?" akauliza.

"Labda wamekufa. Labda wamestaafu, wanafuga nguruwe."

Akacheka. "Mutama, hilo sisi kambini tunalijua. Mtu anakufa, kadi yake ya chakula haifi. Anaingia mwingine ndani ya jina lake, anakula mahindi yake. Kuna mtu jirani yangu aliitwa Esperansia mwaka mzima, na ana ndevu."

Ananiita mutama, yaani mzee, ingawa tumelingana umri. Mimi namwita kijana, kwa kumuudhi.

Jumatano, 7 Machi

Mvua. Adelfina rozari, mimi pombe ya ndizi. Kila mtu na dawa yake.

Jumapili, 11 Machi

Minani hakuja. Nikaambiwa malaria.

Na leo ndiyo siku Kijani amekufa. Nimeona kwa macho yangu. Dude lilimrushia Waridi moto, Kijani akaruka katikati. Akaanguka. Wenzake wakamvua helmeti, na mvua ya huko kwao ilikuwa ikinyesha kama hii yetu. Kijana mwenyewe ni mdogo, uso wa mtoto wa sekondari. Alisema maneno matatu manne tusiyoyajua, kila mtu bandani akayaelewa. Kisha mkono ukadondoka. Wakamzika juu ya kilima, helmeti ikawekwa juu ya kaburi.

Mwanamke mmoja muuza dagaa akalia kwa sauti, akashika kichwa kama kafiwa nyumbani. Xavery mwenyewe alisahau kuzima jenereta.

Nilirudi nimelowa. Adelfina akaniuliza, "Nani kafa?" Nikasema Kijani. Akasema, "Huyo wa ukoo gani?" Nikakosa jibu.

Jumanne, 13 Machi

Nilikwenda kambini kumwona Minani. Amelala katika kile kibanda chake cha turubai, amekonda, midomo imepasuka. Anahudumiwa na jirani yake, mjane anayeitwa Domisiana, mwanamke asiyecheka ovyo. Anampikia uji na kumfokea aunywe.

Swali la kwanza kutoka kwa Minani halikuwa hujambo. "Kijani amefanyaje?"

Mtu ana homa, anatetemeka, halafu mimi nimwambie kipenzi chake kazikwa kilimani? Nikafungua mdomo, ukatoka uongo wenyewe bila mimi kuuita.

"Kijani ameenda kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwa baba yake. Aliaga vizuri. Alisema mapigano yamemchosha, anakwenda kuona wazazi."

Minani akajiinua kwa kiwiko. Kisha akasema, "Amefanya vyema," akanywa uji wote. Domisiana akaniangalia kama nimefanya uganga.

Jumapili, 18 Machi

Minani amekuja anatembelea fimbo. Alikaa akaangalia rangi nne. "Kweli hayupo," akasema. Kijana mmoja nyuma akaanza, "Mzee, Kijani si ali..." nikamgeukia na fimbo ya Minani yenyewe. Akameza maneno.

Kurudi tulipitia njia ya mgombani. Minani akaniambia kambini wametangaziwa itafungwa. Anayetaka kurudi Burundi ajiandikishe, magari yapo. Asiyetaka atahamishiwa kambi nyingine, Kigoma.

"Na wewe?"

"Domisiana anakwenda Kigoma. Mimi nitaenda naye. Burundi nimwendee nani? Irakoze hajaleta neno miaka mitatu."

Irakoze ni mwanawe, wa pekee aliyebaki. Alitangulia kurudi mwaka wa elfu mbili na nne kutazama shamba lao.

Alhamisi, 22 Machi

Mvua, mvua. Maharage yanazidi kukua. Hayana habari na mtu.

Jumanne, 27 Machi

Leo nitaandika mengi, mkono uvumilie.

Minani alikuja nyumbani asubuhi anakimbia, mtu ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa maiti. Ana barua. Imeletwa na mtu wa kambini aliyekwenda Burundi kutazama hali na kurudi. Kwa nini aliniletea mimi? Kirundi na Kihangaza chetu ni watoto wa tumbo moja, na mimi nasoma, na hakutaka watu wa kambini wajue mambo yake. Alikaa pale kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, uso umeelekea dirishani.

"Soma, mutama. Usiongeze chumvi."

Nikaisoma kwanza kwa macho. Imeandikwa na mtoto wa dada yake. Inasema: Mjomba, Irakoze amefariki wakati wa kupanda, aliumwa tumbo siku nne. Tumemzika kwa jirani kwa sababu shamba lenu limekaliwa na watu wengine, nao hawakukubali azikwe pale. Wamejenga. Kesi ipo, haiendi. Mjomba, usije sasa, hakuna pa kukupokea.

Ndiyo barua. Nusu ukurasa.

"Mbona kimya?" Minani akasema. "Au miwani ni ya Adelfina?"

Alikuwa anatabasamu. Meno yake yaliyobaki nayajua yote. Alikuwa ametoka kwenye homa, amevaa shati lake la Jumapili kwa ajili ya karatasi.

Nikasoma. Nikasema: "Baba, mimi Irakoze ni mzima. Samahani kwa kuchelewa. Shamba lipo. Nimejenga nyumba, nimeezeka kwa vigae..."

"Vigae!"

"...vigae vyekundu. Nimeoa. Nakusalimu sana."

Nilidhani nitampa siku moja ya furaha, kesho nitamwambia taratibu, akiwa ameshiba. Nilidhani ni kama mimba ya Waridi. Minani alisimama akacheza, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, fimbo hewani. Akamkumbatia Adelfina, aliyekuwa anapepeta mtama na hajui lolote. Adelfina naye akacheka.

Akaniachia barua. "Itunze wewe, kwangu panavuja."

Jumatano, 28 Machi

Nimeichoma barua. Niliogopa akiichukua atampa Domisiana amsomee. Niliiweka jikoni chini ya sufuria ya maharage. Imewaka upesi kuliko kuni.

Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo, Jumapili.

Jumapili, 1 Aprili

Leo ni Jumapili ya Matawi. Sikumwambia. Kabla sijafungua mdomo amenieleza amejiandikisha kurudi. Magari ya mwezi wa tano.

"Si ulisema Kigoma?"

"Kigoma nifuate nini, na mwanangu ana vigae? Hata Kijani ameenda kwao, mutama. Yule aliyeshinda madude yote. Nikasema, na mimi nina ubishi gani?"

Jumapili, 8 Aprili

Pasaka. Nyama yangu nimempa Adelfina.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimekwenda kambini kumwambia. Nimemkuta anaosha blanketi. Nimerudi.

Jumapili, 15 Aprili

Yaliyotokea leo hata mtu mwenye nia mbaya hangeyapanga.

Katikati ya mapigano Watano wamebaki wanne, wamezingirwa, wako chini. Mara muziki ukapigwa, moshi ukatokea, na ndani ya moshi akasimama Kijani. Nguo zilezile na helmeti ileile. Banda likalipuka. Watu wakapiga makofi, makopo yakagongwa.

Minani akasimama. Aliiona rangi. "Karudi! Mutama, karudi! Nilikwambia! Ameenda kwao na amerudi mzima!"

Kisha kule ndani Kijani akavua helmeti. Ni mwingine. Mrefu, ana kovu shavuni. Ni kaka wa marehemu nadhani, maana alikwenda kulia kaburini. Wote tuliona isipokuwa Minani, ambaye alikuwa amekaa sasa, anafuta macho kwa pindo la shati, anasema peke yake, "Kwao kuzuri. Wamemnenepesha."

Alikuwa amenenepa kweli.

Jumapili, 22 Aprili

Jenereta limeharibika. Nimemshukuru Mungu, halafu nimeona aibu.

Jumamosi, 28 Aprili

Mvua ya mawe. Adelfina ameniuliza naumwa nini, siku tatu sijamtania. Nimesema meno. Amenichemshia majani. Miaka arobaini na saba namwita huyu mwanamke kengele ya kanisa, naye ananichemshia majani.

Alhamisi, 3 Mei

Magari ni Jumanne. Leo nimemwambia.

Nilimkuta nje ya kibanda anafunga sufuria mbili kwa kamba ya mgomba. Nikasema, "Minani, weka hiyo. Nilikudanganya. Barua haikuandikwa na Irakoze. Irakoze amefariki, wakati wa kupanda. Shamba limekaliwa na watu. Wamesema usiende."

Alisimama kidogo. Mkono ukabaki umeshika ile kamba. Kisha akaanza kucheka, kutoka tumboni, mpaka sufuria zikalia.

"Mutama, hii ni kubwa kuliko zote!"

"Si mzaha."

"Unataka nibaki, sema tu. Mtu mzima unamuua mwanangu kwa sababu utakosa wa kukaa naye bandani?"

"Naapa kwa Bikira Maria."

"Ulimwapia Bikira Maria siku ya mbuzi, na mbuzi alikuwa kwenye chungu chako."

Hilo ni kweli.

"Basi lete barua," akasema. "Nimpe hata mwalimu wa watoto wa kambini aisome."

"Nimeichoma."

Akanipiga bega kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mchezaji aliyeshindwa. "Unaona? Uongo wako umezeeka, mutama. Umekosa hata ushahidi."

Nikasema, "Hata Kijani alikufa. Hakwenda kwao. Alizikwa. Njoo Xavery akuonyeshe."

Nikamvuta kweli. Tulitembea na matope mpaka bandani, wazee wawili, mmoja anacheka na mmoja analia. Nikamwambia Xavery yote, mbele yake. Huyu Xavery nimemwita mwizi miaka minane. Alinisikiliza, akafunga mlango wa banda, akawasha jenereta, akaitafuta ile CD kati ya zote. Hakudai kiingilio. Tukakaa watatu peke yetu kwenye mabenchi matupu.

Kijani akaruka. Kijani akaanguka.

"Umeona?" nikasema.

"Namwona. Amelala."

"Hajalala. Amekufa. Tazama wanamlilia."

Minani akasogea mpaka pua karibu iguse kioo. Akaangalia ule ukijani chini, haujongei. "Na yule wa juzi niliyemwona, aliyetoka kwenye moshi?"

"Yule ni mwingine, ndani ya nguo zilezile."

"Mzee," Xavery akasema, "ni kweli. Mimi ninayekupa shikamoo siwezi kukudanganya. Huyu alikufa."

Minani akageuka akatutazama, yaani akatazama tulipo. Akatabasamu. "Mmepanga vizuri. Lakini Kijani nilimwona kwa macho yangu haya. Na kwa macho haya nimebakiwa na nini zaidi ya rangi? Hiyo nayo mnaniambia si kweli?"

Xavery akazima.

Ijumaa, 4 Mei

Nilimwambia Domisiana. Alinisikiliza amesimama, mikono kiunoni. Nilitaka anipige, hakunipiga. Alikwenda kwa Minani, akarudi baada ya kitambo.

"Amesema nimwambie Anatoli asiwatume wajane."

"Uliapa?"

"Nililia," akasema. "Akasema nalia kwa sababu nakwenda Kigoma peke yangu." Kisha akasema polepole, bila hasira, "Na hilo nalo ni kweli, Anatoli. Kwa hiyo nililia vizuri sana."

Jumatatu, 7 Mei

Mvua imekatika.

Jumanne, 8 Mei

Malori yalikuwa saba. Watu wamepanda na milango yao, madirisha yao, kuku wao. Nilimtafuta, nikamkuta kwenye la tatu, amekaa juu ya mzigo wake, shati la Jumapili. Askari hakutaka nisogee, nikamwambia mimi ni kaka yake. Hapo sikudanganya sana.

Nilishika gurudumu. Nikasema, "Minani, shuka. Nakuomba. Nitakupa pale nyuma ya nyumba, ujenge."

"Ukikosa la kufanya njoo Burundi," akasema. "Utalala chini ya vigae."

"Hakuna vigae."

"Haya, haya." Akainama akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtoto. "Mwaka huu mavuno yakiisha nitamtuma Irakoze aje akusalimu. Tuone nani mwongo."

Lori likawaka. Nilitembea kando yake mpaka lilipopata mwendo. Alikuwa anapunga mkono upande ambao sipo, kwa mama mmoja aliyevaa kitenge cha kijani.

Jumapili, 13 Mei

Sikwenda bandani. Xavery amenitumia salamu.

Jumapili, 20 Mei

Wamewahamisha wa Kigoma. Domisiana amepita hapa kuaga, amemwachia Adelfina mwiko. Mimi ameniambia, "Kaa salama." Ni zaidi ya nilichostahili.

Jumatatu, 28 Mei

Maharage yamekauka, watu wote wako mashambani kuanzia jana. Mimi nimekaa mlangoni. Kwetu nyumba yenye msiba haishiki jembe. Hata kama mazao yanaita, mtu hakai na udongo mkononi wakati aliyekufa hajamaliza siku zake.

Asubuhi nimenyoa nywele. Adelfina alikuwa tayari na kikapu, amejifunga. Ananiona, kichwa kinang'aa.

"Wewe mzee una wazimu gani? Wingu lile pale. Maharage yatachipua kwenye maganda."

"Sigusi shamba."

"Nani kafa?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nilimweleza. Barua, vigae, Kijani, banda, lori. Kwamba kuna kijana amekufa tangu wakati wa kupanda, hajaliliwa na baba yake, kwa sababu baba yake nimemnyang'anya msiba. Kwamba huko alikofika sasa ama ameshaambiwa na watu asiowajua, amesimama na sufuria zake mbili njiani, au bado anauliza nyumba ya vigae ni ipi. Nikasema, mtu mmoja lazima amkalie huyu kijana matanga. Nikasema sijawahi kumwona hata sura.

Nilingoja anitukane. Ana haki, na matusi anayo. Aliangalia shamba, akaangalia wingu. Akafungua kitenge kiunoni, akaegemeza kikapu ukutani, akakaa chini kando yangu kwenye vumbi, magoti yakalia.

"Jina lake nani?"

"Irakoze."

"Tunamkalia siku ngapi?"

"Zote," nikasema.

Akavua kilemba chake. Mvua ikaanza kunyesha juu ya maharage, na hakuna kati yetu aliyesimama.